Siku Bwana Afya Aliponiambia Faulu

Shule niliiacha darasa la pili, nayo haikunililia. Lakini hoteli pale njia panda ya Mingoyo niliijenga kwa mikono hii, udongo nikaukanda mwenyewe, na hakuna dereva wa lori la mkonge aliyepita bila kushuka kula papa wangu. Papa mkavu wa Kilwa, nazi mbili, ndimu na pilipili. Harufu yake ilikulaki kabla hujaliona paa.

Siku hizo leseni haitoki mpaka Bwana Afya aje kutoka Lindi kukagua. Akaja, Mwingereza mrefu, soksi mpaka magotini, karani wake Mmwera nyuma na makaratasi. Akatazama kuta, akatazama mitungi. Mimi nikamfunulia sufuria ya papa, maana ndiyo fahari yangu. Akainama, akavuta pumzi mara moja, akageuza uso, akasema neno moja tu: "Faulu."

Wateja wote walisikia. Mzungu akaenda kusimama barabarani, leso puani. Nikadhani ana mafua.

"Leo chai mnywe bure," nikawaambia watu. "Mmesikia wenyewe, nimefaulu."

Karani akanivuta kando. "Kaka, hukufaulu."

"Bwana wako kasema nini?"

"Kasema kwa Kiingereza. Maana yake inanuka, inatia kinyaa."

"Nini kinanuka?"

"Papa."

"Papa asiyenuka ni samaki gani?"

"Mwambie yeye. Ijumaa anarudi. Akimkuta papa humu, leseni huna na mlango unafunga."

Nikamuuliza neno lile Waingereza hulitumiaje. Akasema hulitumia kwa chakula kilichooza, kwa mvua mbaya, kwa mdomo wa matusi, hata mchezaji akimpiga mwenzake mtama uwanjani. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Watu wenye meli na bendera, neno moja wanalizungusha kutoka sufuriani mpaka mguuni mwa beki. Sisi tuna kefule, tuna ptuu, tuna msonyo mfupi na msonyo mrefu, na kila kimoja kina kazi yake.

Lakini Ijumaa haikucheka. Papa akitoka, madereva watanipita. Papa akibaki, nafunga. Mke wangu ndiye aliyesema, "Jiko langu la nyumbani, hapo nyuma ya hoteli, halina leseni wala haliombi. Mlete huku."

Ijumaa Bwana Afya akakuta chai na maandazi. Akanusa huku, akanusa huku, akamuuliza karani. Sijui walisemezana nini, ila niliona kidole cha karani kikielekea kwenye tope la mikoko kule bondeni, kana kwamba harufu inatoka huko. Mzungu akatia sahihi.

Dereva wa kwanza kushuka akauliza papa yuko wapi.

"Zunguka nyuma," nikamwambia, "piga hodi, sema wewe ni ndugu yangu."

Sijaona Mingoyo nzima ukoo uliokua haraka kama wangu.