Uwanja Usio na Mwenyewe

Mama mkwe wangu ameona kitu ambacho mkwe hapaswi kuona, amekiona mchana kweupe, mbele ya watu waliokuja kuuza kahawa, na kwa kuwa kila mtu hapa Litembo anakisimulia kwa namna yake, bora nikisimulie mwenyewe kwa usahihi.

Chanzo kilikuwa huruma. Chausiku, mbwa wetu jike, alikuwa amenuna tangu mwenzake afe, chakula anakitazama tu kama mgeni aliyeshiba. Nyuma ya jiko la masista kulikuwa na Sista mmoja aliyetunza mbwa waliotupwa, na kati yao alikuwapo dume mzee wa rangi ya udongo, aliyeokotwa barabarani akiwa mifupa mitupu, ndiyo maana Sista akamwita Lazaro. Kijiji kilikuwa kimetangaza kwamba mbwa asiye na mwenyewe atapigwa risasi. "Wadogo wamepata watu," Sista aliniambia. "Huyu mzee hakuna anayemtaka." Nikamtaka.

Mke wangu akaweka sharti. "Wakipatana, abaki. Wakiumana, unamrudisha siku hiyo hiyo, Baba Frida, na usinililie." (Ananijua.)

Sasa, mimi sikusoma sana shuleni, ndiyo maana nasoma sana nyumbani, na nilikuwa na kitabu chakavu cha ufugaji kilichosema mbwa wawili wasikutanishwe nyumbani, maana mwenyeji ataona ameingiliwa. Wakutanishwe mahali ambapo si pa yeyote. Lakini kwenye milima yetu ni wapi ambapo si pa mtu? Kila ngoro, kila shimo la shamba kwenye mteremko, lina mwenyewe. Nikafikiri sana, nikapata: uwanja wa ghala la ushirika. Tangu soko huria liingie chama kilikuwa kimekufa, geti limeng'olewa, nyasi zimeota mlangoni.

Kitabu kilitaka watu wawili, mmoja kwa kila mbwa. Mke wangu akasema yeye hatembezi mbwa kwa kamba kijijini, watu watadhani amechanganyikiwa. Nikaenda peke yangu, Chausiku kushoto, Lazaro kulia, mikono nimeitanua kama msalaba ili wasigusane, na watu njiani wakiuliza, "Baba Frida, mahari umelipa au unawatorosha?"

Tulipofika, uwanja ulikuwa umejaa. Mnunuzi binafsi alikuwa amekuja na lori na mizani yake, wakulima wamepanga foleni na magunia yao. Ningeweza kugeuka. Sikugeuka, nikasimama pembeni penye nyasi, na ili kamba zisiniponyoke nikazifunga kiunoni.

Lazaro akainua pua, akanusa, kisha akaondoka, na mimi nikaondoka naye, na Chausiku alipotuona tunaondoka, yeye pia akatimua mbio, tukapita juu ya kahawa iliyoanikwa kwenye turubai, nikaanguka, nikaburutwa, suruali (ya kanisani!) ikanasa kwenye ndoano ya mizani ikachanika kwa nyuma kuanzia mkandani hadi gotini, na kamba zikakatika. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa mama mkwe.

"Shikamoo, mama," nilisema, nikiwa bado chini.

Akanipa mgongo, akavua kitenge cha begani, akakinyoosha nyuma bila kutazama. "Marahaba. Jifunike, mwanangu."

Lazaro alikuwa ameketi mbele ya magunia, wima. Mpakiaji akigusa gunia, anaonyeshwa meno. Mnunuzi akapanda juu ya lori akapaza sauti, "Mbwa wa nani huyu? Kama hana mwenyewe, apigwe!" Watu wakaanza kuokota mawe.

Nikasimama na kitenge changu cha maua. "Ni wangu," nikasema.

Wakati huo Chausiku alikuwa anamwendea. Nikafumba macho. Nilipofumbua, alikuwa amelala ubavuni pa Lazaro, bega kwa bega, wote wawili wanamngurumia mnunuzi.

Ndipo sauti ikatoka mwishoni mwa foleni: "Meneja! Wewe bado uko?" Alikuwa Mzee Ndunguru, mlinzi wa zamani wa ghala, na Lazaro, aliposikia jina hilo, akatikisa mkia lakini hakutoka mahali pake. "Amezaliwa hapa," mzee akatuambia. "Nilipoachishwa kazi nikahamia kwa mwanangu kule Namswea, nikampigia mluzi anifuate, akakataa kuacha geti." Akaenda kwenye rimu ya lori iliyoning'inia ukutani, ile ya kutangazia kazi imekwisha, akaigonga kwa jiwe. "Zamu imekwisha, Meneja. Nenda nyumbani."

Mbwa akainuka, akajinyoosha, akaja kwangu. Chausiku akamfuata.

Mke wangu alikuwa mlangoni. "Wamepatana?"

"Wamepatana."

Akanitazama chini hadi juu. "Na kitenge cha mama?"

Tangu siku hiyo nimeapa kutosema mahali fulani hapana mwenyewe kwa sababu tu watu wameondoka. Nimetundika jembe bovu nyuma ya jiko, na kila jioni naligonga. Bila hivyo Meneja hali chakula, na Chausiku humngojea.