Spika ya Kushoto

Baba yangu alifariki miaka sita iliyopita.

Jumamosi iliyopita, saa nne asubuhi, aliinuka kwenye kiti, akavuka karakana yangu kutoka kulia kwenda kushoto, akaanza kuongea.

Sijalewa. Sinywi. Na sikuwa peke yangu: kaka yangu alikuwepo, na daktari mmoja wa meno alikuwepo. Yule daktari mpaka leo hunipigia simu kuuliza kama ninalala vizuri.

Kaeni niwaeleze. Nitaeleza kwa hasira, maana hasira bado ninayo.

Mimi ni fundi wa spika. Ndiyo, ni mwanamke. Wateja wapya wakiingia huniuliza, "Fundi yuko wapi?" Huwa nawajibu, "Ametoka kukutafuta wewe."

Nashona koni za karatasi zilizochanika, nasuka koili za waya zilizoungua. Sishiki hizi za plastiki. Nashika spika za zamani, za mbao nzito, zilizotengenezwa wakati watu walikuwa bado hawana haraka.

Ugonjwa huu ni wa baba.

Baba alikuwa karani wa ghala. Hakuwa na gari wala suti ya pili, ila alikuwa na kiwanja kimoja na spika mbili alizozinunua jumba la sinema lilipofungwa. Zilinifika kifuani. Nyuma zina kibati cha namba, moja 411, nyingine 412. Zilitoka kiwandani siku moja, zikapimwa pamoja. Wapenda spika wakisikia namba zinafuatana namna hiyo, huanza kumeza mate.

Baba akafa. Baada ya msiba, mdogo wake, yaani baba mdogo, akaitisha kikao cha kugawa vitu.

"Spika mbili, watoto wawili," akasema. "Kila mtu achukue moja. Ugumu uko wapi?"

"Baba mdogo, hizi hazigawanywi," nikamwambia. "Ni kama viatu."

"Basi kila mtu avae kimoja."

Watu wakacheka. Kaka yangu alikuwa amekaa pembeni anaangalia vidole vyake vya miguu. Hakusema neno. Shikeni hapo hapo, msiachie.

Akabeba ile ya kushoto. Mimi nikabaki na ya kulia, pamoja na ampu ya baba ya kukuzia sauti, mashine yake ya kanda na boksi la kanda zake. Kaka alisema hayo ni makorokoro.

Wiki moja baadaye nikawasha ile mashine. Ampu ya baba ilikuwa imekufa upande mmoja, wa kushoto. Nikauacha hivyo hivyo. Nina spika moja, upande wa pili wa nini?

Baba alikuwa na utaratibu wake. Hakupima spika kwa muziki. Alisema muziki unaweza kukudanganya, lakini sauti ya mtu unayemjua haikudanganyi. Alikuwa akiweka maiki mbili, moja pembe hii na nyingine pembe ile, kila moja na spika ya upande wake, anajirekodi akiongea lolote, anasikiliza, halafu anafuta kanda.

Moja hakuifuta.

Nikaiweka. Sauti ya baba ikatoka, karibu kabisa, mpaka nikasikia pumzi yake. Nikashika mdomo.

"Binti hapana," akasema.

Kimya.

"Atazifungua, atazichokonoa, mwisho ataziua."

Kimya.

"Mpe kaka yake. Mwanamume ndiye anayejua kutunza."

Kimya tena. Halafu akacheka, kile kicheko chake kifupi. Kiti kikalia, hatua za miguu, basi. Baada ya hapo ni mvumo tu.

Sikushangaa kile kimya, maana baba alikuwa mtu wa kukata sentensi katikati akatafute miwani. Kilichoniua ni maneno.

Jamani, mimi ndiye niliyekaa naye sakafuni miaka yote ile nikimshikia bisibisi. Kaka alikuwa akiingia chumbani mle kuomba nauli tu. Kumbe mzee alikuwa ananichekea usoni, moyoni ana yake.

Nilirudia kanda ile mara kumi. Nikasikia mnong'ono mdogo kwenye kile kimya na ndani ya mvumo wa mwisho, nikajua ni uchakavu wa kanda. Mimi ni fundi, nikazungusha kitufe, nikaukata. Kanda ikawa safi kabisa.

Sikumwambia mtu. Niliona aibu. Ila kuanzia siku ile sikukanyaga tena kaburini kwa baba. Mama alikuwa akiniuliza, nasema nina kazi. Miaka sita nina kazi.

Na kaka nikamchukia wazi wazi.

Yeye naye hakuwa mtu wa kunyamaza. Kuna kundi la wapenda spika kwenye simu, tumo wote wawili. Kila mwezi anaweka picha. Leo ampu mpya kubwa kama jokofu. Kesho nyaya nene kama bomba la maji. Keshokutwa ameifunga spika ya baba viunganishi vya dhahabu na vitako vya chuma vinavyong'aa.

Anaandika chini: "Urithi wa mzee. Wengine wanaharibu, wengine tunatunza."

Mnaona? Tunatunza. Neno lile lile la kwenye kanda.

Mimi nikamjibu mbele ya watu wote: "Ampu hiyo na spika hiyo haviendani. Spika inataka ampu ndogo yenye adabu, wewe umeipa mwendawazimu. Utaunguza koili."

Akaandika: "Wivu."

Nikaandika tusi ambalo hapa silirudii. Nikafungiwa wiki mbili.

Mwaka huu akajitokeza yule daktari wa meno. Mzee mpole, mfupi, anakusanya spika za zamani kwa bidii kuliko anavyong'oa meno. Alikuwa ameziona namba mbili zile kwenye picha za kundini, 411 kwa kaka na 412 kwangu. Akazitaka zote, pamoja au asichukue kabisa.

Kaka akanipigia. Mara ya kwanza ndani ya miaka sita.

"Dada, tuuze."

"Siuzi."

"Unaing'ang'ania ya nini? Spika moja ni kabati tu."

"Kabati langu."

Akavuta pumzi. Halafu akasema kitu kilichonikata maini.

"Kwani unafikiri mzee alitaka ziwe zako? Hiyo moja ulipewa kwa huruma."

Nikajua na yeye anajua. Kwamba baba aliyasema yale maneno na kwa watu wengine. Kwamba ukoo mzima unajua, mimi peke yangu nilidhani ni siri.

Nikachoka. Kweli nilichoka. Kama mwenyewe hakutaka niwe nazo, nimshikie nini?

"Jumamosi saa nne," nikamwambia. "Leta yako hapa. Daktari azisikie, tusaini, nisikuone tena."

Asubuhi ile niliwahi karakana. Daktari hawezi kupima jozi kwa ampu ya upande mmoja, kwa hiyo nikaifungua ampu ya baba nikatengeneza ule upande wa kushoto. Waya mmoja ulikuwa umeachia. Nikaulehemu.

Dakika ishirini. Nitawaambia baadaye kwa nini hizo dakika ishirini zinaniuma.

Kaka akaja na gari la mizigo. Ile spika haibebwi na mtu mmoja, wakasaidiana na dereva mpaka ndani, dereva akaondoka. Tukaziweka pande mbili za chumba, 411 kushoto, 412 kulia, kama baba alivyokuwa akiziweka. Katikati nikaweka kiti, na daktari alipofika akakikalia. Mezani karatasi ya mauziano na kalamu.

Sikumsalimia kaka. Yeye akaangalia ampu, akasema, "Bado unatumia hii takataka?"

"Itakuzika."

Daktari akakohoa. "Mwanangu, naomba tusianze na muziki. Una kanda yenye sauti ya mtu?"

Nusura nicheke. Kama vile baba amemtuma.

Nilikuwa na kanda chungu nzima, lakini mkono wangu ukaenda kwenye ile moja. Nikajiambia, acha asikie. Asikie ushindi wake kwa sauti ya mzee mwenyewe, kisha nisaini, yaishe. Nikakirudisha na kile kitufe mahali pake, maana daktari alitaka kusikia kila kitu bila kuchujwa.

Nikawasha.

Kushoto, kwenye spika ya kaka, sauti ya kijana ikasema: "Baba, jana baba mdogo alikuwa anasemaje kuhusu hizi spika? Nilisikia mnagombana."

Nikageuka. Ilikuwa sauti ya kaka.

Kulia, baba: "Binti hapana."

Kushoto: "Amesema hivyo?"

Kulia: "Atazifungua, atazichokonoa, mwisho ataziua."

Kushoto: "Kwa hiyo anataka umwachie nani?"

Kulia: "Mpe kaka yake. Mwanamume ndiye anayejua kutunza."

Nikakaa juu ya boksi la misumari, wala sikusikia maumivu. Maneno yale hayakuwa ya baba. Alikuwa anasimulia ujinga wa mdogo wake!

"Zima," kaka akasema.

Sikuzima.

Kushoto: "Na wewe ukamjibuje?"

Kulia, kile kicheko kifupi. Kiti kikalia. Na hapo ndipo baba alipoinuka. Nawaapia, tulimsikia akitembea. Hatua zilianza kulia, zikapita mbele ya magoti ya daktari, zikaishia kushoto. Daktari aliivuta miguu yake ndani kumpisha.

Sauti ya baba ikatoka kwenye spika ya kaka:

"Kwanza maiki umeibana mdomoni kama mswaki. Irudishe nyuma, hivi. Eeh. Nimemjibu hivi: hizi spika ni za binti yangu, zote mbili. Azifungue, azichokonoe. Asiyefungua spika ataijuaje? Wewe utapata kile kiwanja, usilalamike. Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

"Siku nisipokuwepo, wakianza kelele zao, utasema?"

"Nitasema."

Tak. Kanda ikakata.

Kaka alikuwa ameganda, kidole bado kinaonyesha mashine. Alidhani kanda ile ilifutwa kama zingine. Miaka sita ameitunza spika ile, ameifunga dhahabu, ameipiga picha, kumbe anamtunza shahidi.

"Ulisema utasema," nikamwambia.

"Dada, baba mdogo alikuwa ameshagawa. Mimi ningefanyaje?"

"Ungefungua mdomo!"

"Yalikuwa maongezi tu. Mzee alikuwa anajaribu maiki."

"Na kiwanja ulichukua? Au na hicho kilikuwa kujaribu maiki?"

Akanyamaza. Kunyamaza anakujua.

Nilimwambia mengi. Nilimwambia kwamba kwa ajili ya kimya chake nimemchukia marehemu miaka sita. Kwamba nimepita mbele ya kaburi la baba yangu nikitazama pembeni. Nilikuwa nalia na kutukana kwa pamoja, na sikuweza kuacha hata kimoja. Yeye akaanza kusema tusiaibishane mbele ya mgeni.

Mgeni akainuka. Akachukua karatasi ya mauziano, akaichana mara mbili, akatia vipande mfukoni mwa koti lake.

"Mimi sinunui kitu cha mtu bila mwenyewe kukubali," akasema. "Na mwenyewe nimeshamsikia ni nani."

Kaka akapandwa na mori. Akaiendea 411, akaikumbatia, akajaribu kuinyanyua. Ikainuka kidogo, ikarudi chini puu! Akajaribu tena. Mishipa ya shingo ikamtoka.

"Daktari, nishikie huku."

"Samahani, mwanangu. Nina mgongo."

Mzee yule alipoingia aliinama na kujikunja nyuma ya spika zote mbili akisoma namba kwa dakika kumi. Mgongo ulianza saa hiyo.

"Toka," nikamwambia kaka. "Spika inabaki."

Akatoka. Mlango aliubamiza, ila ni mlango wa karakana, umezoea.

Nilikwenda kaburini siku hiyo hiyo mchana. Sikuwa na maneno mazuri. Nilisema, "Baba, samahani, nilisikiliza upande mmoja." Nikakaa mpaka miguu ikafa ganzi.

Sasa funzo, maana najua mnalisubiri.

Mtasema funzo ni ndugu wabaya. Hapana, hilo mnalijua. Funzo ni hizo dakika ishirini. Waya mmoja, risasi kidogo ya kulehemu, dakika ishirini, na mimi fundi nisiyeshindwa na spika nilishindwa kuugusa miaka sita. Kwa sababu kuutengeneza upande wa kushoto ilikuwa kukiri kwamba nahitaji kitu kilichoko kwa kaka. Jeuri yangu ilimsaidia kuficha. Tena ule mnong'ono niliousikia nikauita uchakavu, nikauzima kwa mkono wangu mwenyewe. Ulikuwa baba ananijibu.

Ukimsikia mtu wako amekusema vibaya, kabla hujamfuta, hakikisha umesikia na aliyekuwa anamuuliza.

Spika sasa ziko pamoja. Vile viunganishi vya dhahabu nimevifungua, na vitako vya chuma pia. Viko kwenye mfuko wa plastiki nyuma ya mlango. Kaka, najua uko humu mtandaoni unasoma. Njoo uvichukue, nitakupitishia dirishani.

Msamaha? Sijafika huko, na msinisukume.

Nimenakili yale majibu mawili ya mwisho ya kaka kwenye kanda, nimeyaweka kwenye simu yangu. Kaka akinipigia, na siku hizi anapiga sana, simu hailii kama za wengine. Inaita kwa sauti yake mwenyewe, ya ujana wake: "Nimesikia, baba. Nitasema. Nimesikia, baba. Nitasema."

Huwa naiacha iseme mpaka ikatike.