Bi Mkasi na Ploti ya Mdomoni

Mtaa mzima ulimwita Bi Mkasi, na si kwa sababu ya ushonaji peke yake. Mdomo wake nao ulikata. Maktaba ilipotangaza changamoto ya kuandika riwaya nzima kwa mwezi mmoja, yeye alikuwa wa kwanza kujiandikisha. Mkutubi akamwonya asiingie bila ploti, ataishiwa pumzi katikati. Bi Mkasi hapendi kuonywa, lakini hilo alilichukua.

Wengine hupanga ploti kwa kalamu. Yeye aliipanga kwa mdomo, huku akiwapima wateja. Mteja akishasimama kwenye kijichumba cha pazia, amezungukwa na pini, hana pa kwenda, Bi Mkasi huanza: "Umesikia ya yule mwanamke wa mtaa wa juu?" Hakusema kwamba amebuni, maana ukisema umebuni, watu wanakusikiliza kwa adabu tu. Mteja akishika pumzi, tukio linabaki. Akichungulia simu, tukio linatupwa pamoja na vipande vya vitambaa. Kwa njia hiyo alikuwa amepata mwanamke anayejiandaa kumtoroka mume mkali, na ambaye anahamisha nguo zake moja moja, akidai anazipeleka kwa fundi. Wateja walishika pumzi kwelikweli. Bi Mkasi akavimba kichwa.

Alasiri hiyo aliyesimama nyuma ya pazia alikuwa mke wa fundi mageti. Karakana ya mumewe ilitazamana na duka la Bi Mkasi, ng'ambo ya barabara. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na kila gauni alitaka mikono mirefu, hata kipindi cha joto la kukausha koo. Bi Mkasi, mwenye jibu la kila kitu, hakuwahi kujiuliza kwa nini. Alipofika kwenye kisa cha nguo zinazohamishwa moja moja, pini ikamteleza ikamchoma mteja ubavuni. Mteja hata hakutikisika.

"Dada," alinong'ona, "nani kakwambia?"

"Kaniambia nini?"

"Kwamba naondoka leo."

Bi Mkasi akaiangalia ile mikono mirefu, na sasa ndipo akaielewa.

"Mwenzangu, hiyo ni riwaya. Nimeitunga mwenyewe, ya maktaba."

"Umemhadithia nani mwingine?"

Amemhadithia nani? Uliza ambaye hakuhadithiwa. Lakini mmoja alimkumbuka mara moja. "Wifi yako alikuwa hapa asubuhi," alisema. "Akaniuliza ni mwanamke gani. Nikamwambia... nikamwambia anamjua."

"Kwa nini ulimwambia hivyo?"

"Ili hadithi inoge."

Mke wa fundi hakumlaumu, na hilo ndilo lililomtisha Bi Mkasi zaidi. Alisogeza pazia upana wa kidole, akatazama nje. Mashine ya kuchomelea kule karakana, iliyovuma tangu asubuhi, ilikuwa imenyamaza. Mumewe alisimama mlangoni mwa karakana, amevua barakoa ya chuma, simu sikioni. Alikuwa anasikiliza bila kujibu, na macho yake yalikuwa dukani.

"Akinikuta na pochi hii ameniua," mke alisema, taratibu, kama mtu anayetaja bei ya kitambaa. "Nauli na vyeti vyangu vyote vimo humu."

Bi Mkasi akafungua mlango mdogo wa stoo, hapo hapo nyuma ya pazia, unaotokea uchochoroni. Gauni halikuwa na pindo, pini tupu zilizunguka chini, lakini hapakuwa na wakati wa kulivua.

"Pita hapa. Usikimbie, mtu akikimbia anatazamwa."

"Nakwenda kwa—"

Bi Mkasi alimziba mdomo kwa kiganja. "Usinitajie. Nakuomba. Huuoni mdomo wangu ulivyo?"

Mlango ukafungwa. Bi Mkasi akabaki nyuma ya pazia na hewa. Miguu ilitaka kumfuata yule mwanamke, lakini aliona vizuri kwamba duka likinyamaza tu, bwana yule atavuka. Basi akapaza sauti. "Inua mkono kidogo, mama. Geuka. Umenenepa au kitambaa ndicho kimenywea?" Akacheka peke yake, kicheko kibovu kilichomtia hofu mwenyewe. Akasimulia ploti yake tangu mwanzo, akimpa mume roho nzuri, akiwarudisha wanandoa mezani, akiharibu kila alichokipanga, ilimradi sauti isikatike. Kila neno lilikuwa hatua moja ya yule mwanamke uchochoroni.

Alisikia kengele ya mlangoni, kisha buti. Hakuacha kusema. Pazia likavutwa polepole, kwa adabu, na fundi mageti akatazama kile kijichumba kisichokuwa na mteja.

"Mke wangu yuko wapi, dada?"

"Sijui, shemeji."

Alimkazia macho. Bi Mkasi hakuyakwepa, kwa kuwa hakuwa na kitu cha kuficha: hakujua barabara, hakujua mji, hakujua ndugu gani. Fundi mageti naye aliona kwamba hamdanganyi. Akaufunga mlango wa duka kwa ndani, akavuta kigoda cha wateja, akaketi.

"Basi tunga alikokwenda," alisema. "Tuna muda."