Nyayo Ishirini na Mbili

Kila asubuhi, kabla wasichana hawajafika, Verna Stubblefield alipiga magoti kwenye uwanja wa mbio na kubandua selotepu ya jana kwa kisu cha kupakia siagi. Kisu hicho alikichukua bwaloni mwaka wake wa kwanza wa kazi na hakukirudisha. Alibandua alama zote, hata zile ambazo zingebandikwa tena palepale saa moja baadaye. Hakutaka msichana wake yeyote akimbie kwa alama ya siku iliyopita. Akimaliza alijipangusa magoti, akanywa kahawa ya chupa, akatazama maghala ya ngano ng'ambo ya barabara kuona upepo unatoka wapi. Kule Kansas upepo haukosekani, wewe unauliza tu unatoka wapi.

Kisha wasichana wakija, alianza kupima. Katika mbio za kupokezana kijiti, anayepokea hubandika utepe chini, nyuma yake. Mwenzake anayekuja mbio akiukanyaga utepe ule, yeye hutimka bila kugeuka, mkono nyuma. Utepe ukiwa karibu mno watagongana. Ukiwa mbali mno hawafikiani. Wakimbiaji wengi hupima kwa miguu yao wenyewe, kisigino kikigusa ncha ya kiatu kingine. Wasichana wa Verna hawakupima. Aliwapimia yeye, kwa raba zake nyeupe, namba ileile na aina ileile miaka ishirini na nne, kwa sababu wao walibadilisha viatu kila mwezi na kila mmoja alihesabu anavyojua. Mguu wake ulikuwa mdogo, kama wa mtoto.

"Kocha, hivyo viatu unanunua duka la wanasesere?" Shawnelle Oakes alimwuliza siku ya kwanza alipofika chuoni.

"Simama ulipo," Verna alisema. "Kumi na nane, kumi na tisa, ishirini. Wewe una mdomo, nakuongezea mbili."

Tangu siku hiyo Shawnelle akawa ni ishirini na mbili. Wenzake walimwita hivyo hata bwaloni. "Ishirini na Mbili, nisogezee viazi."

Verna alianza kazi mwaka 1974, akiwa mwalimu wa viungo. Mkuu wa michezo alimwita akamwambia sheria sasa inataka wasichana nao wawe na timu, kwa hiyo ichukue wewe. Timu ilikuwa wasichana saba, na kaptula zilizobaki za wavulana, zile za kufunga kwa pini. Gari aliendesha mwenyewe. Jezi alifua mwenyewe, akazianika kwenye kamba nyuma ya nyumba yake hadi majirani wakadhani ana binti saba wa rika moja. Hakuolewa. Kulikuwa na mwanamume mmoja wa mji wa Salina aliyemvumilia misimu miwili, akachoka kula chakula cha Jumamosi peke yake.

Verna ndiye aliyemfundisha Garrett Lund kushika saa ya kupimia mbio. Alikuja akiwa kijana mrefu, goti limeharibika, hawezi tena kuruka, anataka ukocha. "Bonyeza ukiona moshi wa bastola, usingoje mlio," Verna alimwambia, na Garrett akaandika hata hilo kwenye daftari. Miaka sita alimbebea masanduku.

Januari ya mwaka wake wa ishirini na nne, chuo kiliunganisha timu ya wanaume na ya wanawake, kikasema kocha mkuu awe mmoja. Verna alinyoa nywele za shingoni, akavaa koti lake la mazishi, akaenda ofisini kwa mkuu wa michezo kupokea kazi aliyokuwa akiifanya. Akaambiwa wamempa Garrett.

"Utakuwa msaidizi wake, Verna. Hakuna kitakachobadilika."

"Kama hakuna kitakachobadilika, kwa nini mnabadilisha?"

Yule bwana alitazama kalamu yake.

Garrett alikuja jioni hiyohiyo, shingo nyekundu. Aliomba orodha ya alama za wasichana. Verna akampa daftari lake la miaka yote.

"Oakes, ishirini na mbili," Garrett alisoma. "Ishirini na mbili za nini?"

"Za kiatu."

"Hee, mambo ya kizamani haya." Akacheka kidogo, akaliweka kwapani. Hakuuliza kiatu cha nani. Verna naye hakumwambia. Akajisemea kwamba amembebea masanduku miaka sita, kama hakuona, hakutazama.

Lakini jambo moja lilimbakiza kazini. Wasichana wanne wa kijiti, Joelle, Shawnelle, Bettina na Corinne, walikuwa wamefika sekunde arobaini na saba nukta mbili. Wakishuka hadi arobaini na saba kamili, wanaenda mashindano ya taifa. Katika miaka ishirini na nne hakuwahi kupeleka hata mmoja. Alitaka kuwapeleka hao, kisha afe au astaafu, chochote kitakachotangulia. Na Shawnelle alikuwa mwaka wa mwisho.

Nafasi ya mwisho ilikuwa mashindano ya Mei, kwenye uwanja wa chuo kingine. Asubuhi Garrett alimfuata penye basi.

"Kocha Stubblefield, wametoa kadi mbili tu za kuingia uwanjani. Moja yangu. Nyingine nimempa kocha wa kurusha tufe, vijana wake wako sita."

"Na mimi?"

"Jukwaani unaona vizuri zaidi. Kweli kabisa."

Verna akaketi mstari wa nne, kati ya wazazi. Baba yake Joelle Havlik, mkulima mnene mwenye kofia ya kampuni ya mbegu, alimsogezea mto.

"Leo umeshushwa cheo, uko na sisi wapiga makofi."

"Ndiyo."

"Basi jifunze. Unakula karanga, unamlaumu mwamuzi. Hiyo ndiyo kazi yote."

Kabla ya mbio Shawnelle alikuja kwenye uzio, njumu mkononi.

"Kocha, nani atatupimia?"

"Muulize bosi wenu."

"Kocha, acha basi."

"Ana daftari. Kila kitu kimo humo."

Shawnelle alimtazama kidogo, akaenda. Verna akaona Garrett anafungua daftari, anaweka kidole kwenye mstari, anaanza kupima. Kisigino, ncha. Kisigino, ncha. Viatu vyake vilikuwa kama mitumbwi. Kufika kumi na tano alikuwa ameshapita pale utepe ulipopaswa kuwa, kisha kumi na nane. Akabandika kwenye ishirini na mbili, akaupiga kwa kiganja ushike.

Kutoka mstari wa nne hadi pale hapakuwa mbali. Sauti ya Verna ilizoea kuvuka uwanja mzima katika upepo. Angeita jina moja tu.

Shawnelle aliusogelea utepe, akautazama, akarudi alipotakiwa kusimama, akautazama tena. Kisha akainua uso kuelekea jukwaani, akamtafuta Verna kati ya kofia, akampata. Akanyoosha mikono kidogo, kama mtu anayeuliza bei.

Verna aliinamia chupa yake ya kahawa. Akafungua kifuniko, akakifunga.

Bastola ililia. Joelle alikuja vizuri, magoti juu, baba yake amesimama na karanga zimemwagika. Alikanyaga utepe. Shawnelle akatimka, kama alivyofundishwa miaka minne, bila kugeuka, mkono nyuma umenyooka. Joelle akanyoosha kijiti. Kati ya kijiti na kiganja palikuwa na hewa. Akanyoosha tena. Shawnelle alivuka mstari wa mwisho wa eneo la kupokezana, ambao kijiti hakiruhusiwi kupokewa baada yake, akiwa mikono mitupu, akajua, akasimama. Wengine walimpita. Mbele huko Bettina na Corinne walikuwa bado wameinama katika njia yao, wanangoja. Mwamuzi akainua bendera ya njano, ya kosa.

"Nini kimetokea?" aliuliza mzee Havlik. "Si wanafanya hivi kila siku?"

Verna aliteremka. Garrett alikuwa kwenye uzio, daftari wazi, uso mweupe.

"Nimepima ishirini na mbili. Nimehesabu mara mbili."

"Najua. Nilikuona."

Garrett alimwangalia, kisha akaangalia raba nyeupe za Verna, kisha viatu vyake mwenyewe. Nyuma yake Shawnelle alisimama ameshika kijiti ambacho Joelle alimpa baadaye, kwa kukosa la kukifanyia. Hakulia.

"Na mimi nilikutazama," alisema. "Uliuona ule utepe, Kocha?"

Verna alikuwa na maneno mengi. Kadi mbili, koti la mazishi, kaptula za pini, miaka ishirini na nne. Yote yalikuwa kweli na hakuna lililomhusu msichana huyu.

"Niliuona."

Shawnelle akatikisa kichwa taratibu, akampa kijiti Garrett, akaenda kwa wenzake.

Verna alitoa kisu cha siagi mfukoni, akakiweka juu ya daftari mikononi mwa Garrett. Akashika njia ya kutokea. Langoni mama mmoja mkata tiketi alimsimamisha, ana muhuri na kidau cha wino.

"Lete mkono nikugonge, dada, ili uweze kurudi ndani. Bado mbio sita."

"Usijisumbue," Verna alisema, akapita.