Kajaga Ipo

Juzi nilikwenda Buyenzi kusaidia kusafisha stoo ya nyumba ya bibi. Chini ya sufuria kubwa iliyotoboka nilikuta kibodi yetu ya zamani, imejaa vumbi na ganda moja la karanga. Herufi zote zilisomeka isipokuwa kitufe kimoja cha juu, F5. Hicho kilikuwa cheupe kabisa, maandishi yameisha. Niliketi sakafuni nimeipakata kibodi kama mtoto, maana najua kidole gani kiliyafuta. Ni hiki changu.

Kama wewe ulikulia Bujumbura hutahitaji maelezo marefu. Umeme ulikuja na kuondoka ulivyotaka. Kompyuta tulipewa na jirani yetu, fundi wa magari, ambaye aliachiwa na mteja aliyehama na hakujua aifanyie nini. Ndani yake kulikuwa na mchezo mmoja tu, wa wafalme wa kale: unaanza na mji mdogo, unajenga barabara na maghala ya nafaka, unafundisha askari, na ukitaka unateka miji ya wenzako. Kaka yangu na mimi tuliucheza mwaka mzima, benchi moja, mfalme mmoja. Maandishi yake yalikuwa ya Kifaransa kigumu, nami niliyasoma kwa kamusi isiyo na jalada. Hadi leo kuna maneno ya Kifaransa ninayoyajua ambayo hayamsaidii mtu yeyote asiyezingira ngome.

Kitufe cha F5 kilikuwa cha kuhifadhi. Alasiri moja umeme ulikatika kabla hatujahifadhi, ikapotea kazi ya siku nzima. Kaka alicheka. Mimi nililia mpaka bibi akaja na unga mikononi kuuliza nani amekufa. Tangu siku hiyo nilikibonyeza kitufe kile kila baada ya hatua moja. Kila kubonyeza kulifuta mchezo wa nyuma na kuweka ule wa sasa mahali pake. Sikuona ubaya. Nilijiona mtu makini kuliko wote Buyenzi.

Nikiri jambo hapa, maana tunajuana. Nilikuwa mtoto wa wasiwasi. Nilichonga penseli zangu zote zilingane urefu. Daftari likipata doa niliandika upya kurasa zote tangu mwanzo. Kwa hiyo kaka alipopata nafasi katika shule ya bweni, huko milimani, akaniachia ufalme wetu wenye miji sita, nilishindwa kula mchana ule, ingawa bibi alikuwa amepika isombe, yale majani ya muhogo, kwa mawese na dagaa wetu wa ndagala, harufu imefika hadi gereji ya fundi.

Miji ile tuliipa majina wenyewe. Makao makuu yaliitwa Kwa Bibi. Mji wa kwanza kabisa, wenye nyumba chache kando ya maji, tuliuita Kajaga, kwa sababu huko ziwani ndiko mama alitupeleka mara moja kuogelea, kabla hajaugua. Hatukusema kwamba ndiyo sababu. Wote wawili tulijua.

Asubuhi ya kuondoka, kaka alisimama mlangoni na godoro lililofungwa kwa kamba. "Mi naenda," akaniambia. "We linda tu. Jaza maghala, tengeneza barabara. Usipige mutu mpaka nirudi."

Nikamwambia sawa. Wiki mbili nililinda kweli. Kisha nikaanza kuiangalia ramani. Miji yetu sita ilikuwa myekundu pembeni, na kwingine kote rangi za watu wengine, kijani, njano, zambarau, kama nguo iliyoshonwa na mlevi. Sikuweza kuvumilia. Nikawaza kaka atarudi likizo akute ramani nzima nyekundu, safi, bila doa. Atajua aliacha ufalme kwa mtu.

Mji wa kwanza niliuteka kwa alasiri moja. Mtamu sana ushindi ule. Nikabonyeza F5. Wa pili, wa tatu, F5, F5. Umeme ukirudi mtaa mzima ulipiga kelele ya furaha, nami nilikuwa nimeshakaa kwenye benchi kabla kelele haijaisha. Bibi akaniita nipepete mchele, nikapepeta huku nikihesabu askari, na mawe tukayatafuna sisi wote mezani.

Fundi alikuwa na desturi ya kuja kunywa chai ya tangawizi kwetu akimaliza kazi, anakaa na mafuta yake meusi hadi viwikoni. Gereji yake ilijulikana kwa kitu kimoja. Wenzake walifungua injini tatu kwa siku, bolti na nati zikalala chini pamoja kama dagaa. Yeye alikuwa na kopo moja tu la maziwa ya unga, tupu, la kuwekea nati. Injini moja, au moteri kama alivyoiita, kopo moja. Kopo likiwa na nati ndani, hata uje na gari la waziri, atakwambia urudi kesho. Vijana wa gereji za jirani walimtania kwamba ni maskini wa makopo.

Siku moja alichungulia kioo cha kompyuta juu ya kikombe chake.

"Mama," akaniuliza, kwa maana mimi alinipa heshima ya mama tangu nikiwa na miaka saba, "umefungua moteri ngapi apa?"

Nikamwambia miji kumi na tisa.

"Na umefunga ngapi?"

Nikabonyeza F5. Bibi akasema kutoka jikoni kwamba aniache, mimi ni yule yule niliyealika nusu ya darasa kuja kula Ijumaa bila kumwambia mpishi. Siku ile ya wageni, kila mtoto alipata kijiko na nusu cha wali, nami nililaumu ukubwa wa sufuria. Bibi alinijibu kwa upole maneno ambayo baadaye nimeyarudia moyoni mara nyingi: "Sufuria ni ile ile. We ndo umeongeza wageni."

Nilicheka. Nikateka mji wa ishirini.

Sasa wewe mwenyewe unaona kinachokuja, mimi tu sikukiona. Kila mji mpya ulitaka askari wa kuulinda. Niliwatoa katika miji yetu ya zamani. Kila askari alitaka kula. Maghala kaka aliyoyajaza kwa mwaka mzima yalikwisha kwa wiki tatu. Mji wa mbali ukaasi. Nikapeleka jeshi, na mji uliokuwa nyuma ya jeshi ukaasi. Nikageuza jeshi, na likafa njaa njiani, kwa kuwa sikuwa nimejenga barabara hata moja. Na katika kuanguka kote huko, kwa hofu ya umeme kukatika, niliendelea kubonyeza F5. Nilihifadhi kila pigo kwa uangalifu mkubwa. Siku Kwa Bibi ilipochukuliwa na watu wa kijani, nilitaka kurudi nyuma hata hatua kumi tu. Hapakuwa na nyuma. Niliifuta mwenyewe, kidogo kidogo, kwa kidole hiki.

Kaka alirudi likizo amekonda, amerefuka, na sauti si yake. Kabla hajafungua mfuko wake akauliza habari za ufalme. Nikamwambia kipanya kimepotea. Siku tatu alitafuta kipanya, hadi juu ya kabati, nami nikitafuta naye kwa bidii. Siku ya nne bibi alileta sinia la maharage, na kando ya bakuli, juu ya kitambaa safi, ameweka kipanya na waya wake.

"Mi nauliza tu," akasema, "nani amepanda hiki mu gunia yangu ya maharage? Nijue nitavuna lini."

Nikasema yote. Nilisema haraka, nikitazama maharage. Nilisema miji ishirini, maghala, F5, Kwa Bibi. Nilichoshindwa kusema ni Kajaga, kwa sababu siku ya mwisho nilizima bila kuangalia. Niliogopa.

Kaka hakula. Alikwenda kuwasha kompyuta. Nilimsikia ameketi, nami nikaanza kunawa mikono niliyokwisha kuinawa.

"Kajaga ipo," akasema.

Nilikwenda. Ramani ilikuwa ya kijani na zambarau kila mahali, na kule pembeni, kando ya maji, kidoa kimoja chekundu, na askari wanane ambao nilisahau kuwatoa. Wengine wote niliwapanga kwa makini. Hao waliokolewa na usahaulifu wangu.

Kaka akasogea, nusu ya benchi ikabaki wazi. "Kuja," akaniambia. "Mara hii tunafunga moja ndo tunafungua ingine."

Likizo nzima tuliyacheza maisha ya mji mmoja. Tulijenga ghala na barabara fupi hadi majini. Hatukuteka kitu. Sijawahi kuwa na furaha kama ile, na ndiyo ilikuwa likizo yetu ya mwisho chini ya paa moja. Kaka sasa anaishi nchi nyingine. Gereji imekuwa duka la simu, na fundi na bibi wote wako makaburini, Mungu awarehemu. Kompyuta yenyewe sijui ilikoishia.

Mimi nashona, huku Cibitoke. Nilijifunza mwenyewe, kwa kufumua nguo za watu na kuzirudishia. Nina vyerehani viwili na msichana mmoja ninayefanya naye kazi. Mwezi huu zimekuja kazi tatu kwa pamoja: sare za shule mbili, na za wafanyakazi wa hoteli moja ndogo ufukweni. Wiki nzima sikulala vizuri, nikipanga jinsi ya kuzichukua zote na zote ziwe safi bila doa.

Nilipiga picha kile kitufe cheupe, nikamtumia kaka bila neno. Akajibu baada ya saa moja, maneno mawili: "Kajaga ipo." Nami nilimpigia mwenye hoteli, nikamwambia nitaanza na sare zake. Shule nikaziomba zingoje, au zitafute mwingine.

Hoteli iko Kajaga. Kesho asubuhi nakwenda kuchukua vipimo, na nati zangu nimeziweka kwenye kopo moja.