Nyangeta na Foleni ya Saa Saba

Akili yangu bado inagoma, jamani. Ijumaa ulinitania mpaka nikamwaga chai, Jumatatu kaka yako ananipigia simu kutoka Suguti kusema ulilala na hukuamka.

Kwa msiomjua: Nyangeta alikuwa mtu wa IT wa kampuni yetu ya pamba hapa Musoma, na rafiki yangu. Sauti kubwa, kicheko kikubwa zaidi. Leo sitaki kulia peke yangu. Nataka niwasimulie alikuwa nani, maana nikianza tu kumsimulia nafurahi mwenyewe.

Wiki yangu ya kwanza kazini alinipeleka Mwigobero, kando ya ziwa, kula sato. Mimi mtu wa Butiama, nikakwama na mwiba. Alinigonga mgongoni huku akiwatangazia wa meza zote kwamba watu wa ng'ombe wasipewe samaki bila msimamizi.

Sasa sikieni hii. Email za ofisi nzima zinapita kwenye server moja, iko kwenye chumba kilichokuwa stoo, na internet yetu ni ya kusuasua. Zamani mtu mmoja akituma faili kubwa, email za wengine wote zilikwama nyuma yake.

Msimu mmoja lori lilikuwa limeshapakia marobota ya pamba kwenye tawi letu la Bunda, linasubiri karatasi moja tu kutoka kwetu ili liondoke. Karatasi haiendi. Kumbe meneja wetu, mzee Magesa, alikuwa anayatumia matawi yote picha za send-off ya binti yake. Bibi harusi amekaa katikati ya barabara, karatasi ya lori iko nyuma yake, na dereva anatuporomoshea matusi kwenye simu.

Nyangeta akasema inatosha. Kwao Suguti, kwenye mashine ya kusaga, mwenye gunia humpisha mwenye kisado, maana kisado ni cha kupika leo. Akaipanga server hivyohivyo. Email ndogo inapita. Kubwa inawekwa pembeni, inaondoka saa saba mchana watu wakienda kula. Usiku isingewezekana, jengo letu huzimwa umeme jioni.

Na ukituma kubwa unajibiwa papo hapo: "Gunia lako limepokelewa. Litasagwa saa saba. Kaa kivulini."

Nani anaandika hivyo kwenye system ya kampuni? Nyangeta!

Masatu wa mauzo akajifanya mjanja. Akalikata faili lake vipandevipande, akavituma kimoja kimoja. Nyangeta alitoka stoo, akasimama mlangoni kwake na kumwambia mbele yetu sote kwamba ameleta gunia kwa visado, na watoto wake wote amewapanga foleni, kila mmoja na kisado chake. Mpaka leo Masatu tunamwita Baba Visado, na anaitika.

Halafu ikafika zamu ya mzee Magesa. Video ya kipaimara cha mjukuu wake ikawekwa pembeni kama za wengine. Mzee akashuka mwenyewe mpaka stoo, na sisi tukaacha kazi tukasogea mlangoni. Mnajua kwa nini tuliogopa? Nyangeta alikuwa wa mkataba wa muda, na mkataba mpya ulikuwa mezani kwa mzee huyohuyo, unasubiri sahihi.

Nyangeta akamwamkia, akampa kiti. Mzee akauliza kama gunia la meneja nalo linasubiri.

"Mzee wangu, kwetu hata mwenye mashine alikuwaga anapisha kisado," alimjibu. "Nikikupitisha wewe leo, kesho sina foleni tena."

Nikasema moyoni, basi, rafiki yangu kwisha kazi. Halafu mzee akakaa kwenye kile kiti, wakapiga hadithi za samaki mpaka saa saba ikafika na video ikaondoka. Mkataba alisaini siku hiyohiyo. Jamani, korido nzima tulipiga makofi!

Sasa narudi kwako, Nyangeta, kuna jambo lazima ulijue.

Jana asubuhi nilipewa password yako nitume tangazo la msiba kwa matawi yote. Niliweka ile picha ya Mwigobero, umeshika sato kwa mikono miwili, unacheka mpaka macho yamefumba. Nikabonyeza kutuma.

"Gunia lako limepokelewa. Litasagwa saa saba. Kaa kivulini."

Nililia. Kisha nikacheka, maana ilikuwa sauti yako kabisa.

Wenzetu wakaniambia nilipitishe tu, si password ninayo. Mmoja akaongeza kwamba huu utaratibu tuufute kabisa sasa, mwenyewe hayupo. Mazishi ni kesho, muda wa kusubiri ulikuwepo, lakini kuiona picha yako imewekwa pembeni kuliniuma. Kidole kilishafika kwenye kitufe. Mzee Magesa alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Muache asubiri," alisema. "Yeye hakunipitishaga mimi."

Saa saba hakuna aliyekwenda kula. Tulisimama ofisini, Baba Visado naye, tunaitazama ile screen. Tangazo likaondoka. Haikupita muda simu zikaanza kuingia kutoka Bunda, watu wanalia na kucheka kwa pamoja, wanauliza huyo samaki ulimnunua kwa nani.

Kesho asubuhi gari la ofisi linatoka Musoma kuja kwenu Suguti, na nafasi zimeshajaa. Mzee Magesa atakaa mbele na dereva, amesema ni yeye atakayesoma salamu zetu.

Foleni yako hatukuifuta. Mzee amenikabidhi mimi, na sitampitisha mtu, hata mimi mwenyewe nikiwa na haraka zangu. Nimeyaacha maneno yako vilevile ulivyoyaandika.

Umewapisha watu vya kutosha, rafiki yangu. Sasa na wewe kaa kivulini. Lala salama.