Nilipaka grisi violon ya shule, mjukuu wangu akabeba lawama

Wakuu, salaam kutoka Lubumbashi.

Wiki hii nimeona mzazi humu jukwaani akiuliza kama amruhusu mtoto wake kuingia okestra ya shule. Majibu mengi yalikuwa ya kumkatisha tamaa. Nikaona niandike yaliyonipata mimi. Yote ni kweli, na pale yanaponiaibisha sitayapunguza makali.

Mimi ni mzee wa zaidi ya miaka sabini. Nina diploma ya sekondari, na maisha yangu yote ya kazi niliyamaliza kwenye karakana ya reli, nikitengeneza mashine. Nina mjukuu wa kike anaitwa Mujinga (ni jina la kwetu, msicheke), ana miaka kumi na minne. Mama yake, Kapinga, ni binti yangu, ni muuguzi kwenye zahanati ya Lukafu. Mtoto anakaa kwangu kwa ajili ya shule.

Kwa hiyo kwenye vikao vya wazazi, mzazi ni mimi.

Mwanzoni mwa mwaka wa shule Mujinga alirudi na karatasi. Shule yao, iko upande wa kwenda Kasapa, ilikuwa inaanzisha okestra na wanaotaka wajiandikishe. Yeye alitaka violon. Wengine huko kwenu mnaiita fidla.

Nikampigia simu mama yake. Akasema:

"Papa, hii mara usiseme kintu. Umuache mutoto."

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo, wakuu, maana bila hili hamtaelewa.

Kapinga mwenyewe, alipokuwa shuleni, masista walimchagua kujifunza violon. Alikuja nayo nyumbani mikononi kama mtu aliyebeba mayai. Mimi nilimwambia airudishe kesho yake. Nilisema muziki hautampa diploma. Hakubishana. Aliirudisha, akasoma, diploma akapata. Lakini tangu siku ile hakuniomba tena kitu chochote, hata kalamu. Mimi nilidhani ni adabu. Miaka ilipita mingi kabla sijaelewa kwamba alikuwa ameacha kunitegemea.

Basi safari hii niliahidi kunyamaza. Na kweli nilinyamaza.

Kikao cha kwanza cha wazazi kilijaa. Mwalimu wa muziki ni mama mmoja mdogo wa umbo, Madame Mwadi, sauti yake ndogo lakini ukumbi mzima unamsikia. Wazazi wakaanza maswali, na aliyeongoza ni Papa Muhindo, mfanyabiashara wa jumla kutoka Kivu ya Kaskazini, mtu wa kucheka sana.

"Madame, mimi mambo ya manota sijui. Na mtoto wangu pia hajui. Mutamukubali?"

Akajibiwa kwamba karibu wote hawajui, wanajifunzia hapohapo, na kinachotakiwa ni kufika mazoezini kila siku iliyopangwa.

"Na masomo? Asije akaniletea muziki mingi, hesabu sufuri!"

Akajibiwa kwamba mazoezi ni baada ya vipindi, mara tatu kwa wiki, na atakayeanguka darasani atapumzishwa okestra hadi ainuke.

"Sasa chombo tunanunua?"

Hapana, ni vya shule. Lakini violon ni chache na watoto ni wengi. Kila violon ina mtoto mmoja anayeitunza na kwenda nayo nyumbani. Mlangoni kuna orodha ya wanaosubiri. Mtoto akiharibu chombo kwa uzembe, kinakwenda kwa anayefuata kwenye orodha.

"La mwisho, Madame. Muziki huu ni wa kanisa gani?"

Watu wakacheka. Madame akasema ni wa kanisa la kufika kwa wakati, na yeye Papa Muhindo leo amechelewa.

Akauliza kama kuna mwingine mwenye swali. Mimi nilikuwa nalo moja. Nilitaka kuuliza chombo hiki kinatunzwaje. Nikaona aibu. Mtu ambaye maisha yake yote ametunza mashine za treni, amuulize mama kijana namna ya kutunza kipande cha mbao?

Nikanyamaza. Kumbukeni hilo swali, wakuu.

Mujinga alipata violon. Miezi ya kwanza, nisiwadanganye, ilikuwa kama kuku wanagombana ndani ya nyumba. Jirani yangu mama mmoja aliniuliza kama tunachinja kila jioni. Lakini kidogo kidogo sauti ikanyooka. Nikajikuta nachelewesha redio yangu hadi amalize.

Kitu kimoja kilinisumbua. Kichwani mwa violon kuna vigingi vinne vya mbao. Kila kimoja kinashika uzi wake, ukikizungusha uzi unakaza au kulegea. Mujinga alipovizungusha vilikuwa vinalia, kwii, kwii, na yeye anakunja uso kwa nguvu anazotumia.

Wale waliofanya kazi na mashine wanajua. Sisi kitu kikilia, kinaomba grisi. Ukimwona fundi anapita karibu na kitu kinacholia bila kukipaka, huyo si fundi.

Jumamosi moja Mujinga alikwenda kusagisha mahindi ya bukari, ugali wetu. Nikafungua sanduku la violon. Nikatoa kigingi kimoja, nikakipangusa, nikakipaka grisi yangu nzuri ya akiba, nikarudisha na uzi wake. Halafu cha pili. Kwa utaratibu, kimoja kimoja, kama nilivyofundishwa. Nilipomaliza vilizunguka laini bila sauti. Nilifurahi kama siku ya mshahara.

Nilikuwa nimeahidi mdomo wangu. Sikuwa nimeahidi mikono.

Wakuu, mnaojua mtacheka. Mimi sikujua kwamba vile vigingi havina kifungo wala skrubu. Kinachovizuia visirudi nyuma ni ule ukavu wa mbao kwa mbao. Kulia kwao ndiko kushika kwenyewe. Ukipaka grisi, uzi unavuta, kigingi kinateleza, na sauti inashuka wakati mtoto anapiga.

Jumatatu Mujinga alirudi mikono mitupu.

"Violon iko wapi?"

"Madame alibakia nayo."

"Ju ya nini?"

"Iko na maneno kidogo, nkambo." Nkambo ndiyo mimi, babu yake, na maneno kwetu ni matatizo.

Akaingia jikoni kupika. Alipoinua sufuria, niliona kwenye mkono wa shati lake jeupe la shule alama nyeusi ya vidole. Grisi. Nimeiosha kwenye nguo zangu miaka mingi, siwezi kuikosea.

Yaliyotokea shuleni niliyasikia baadaye. Nyuzi zilikuwa zinalegea kila dakika. Wenzake wakaanza kumwimbia, "Violon yako imelewa! Violon yako imelewa!" Madame akaichukua, akanusa, akageuza vigingi, vidole vikawa vyeusi. Akauliza nani kafanya hivi.

Mujinga alijua. Nyumba yetu nzima ina kopo moja tu la grisi. Akajibu, "Sijui, Madame."

Basi Madame alifanya alivyosema kwenye kikao. Akaisafisha kiasi, akampa violon mtoto aliyefuata kwenye orodha, msichana anaitwa Grâce.

Na mimi? Nilinyamaza siku nne nzima.

Nilijiambia mambo mengi. Kwamba ni kipande cha mbao tu. Kwamba sasa atapata muda wa hesabu. Kwamba mzee wa umri wangu hawezi kwenda kukaripiwa na mwalimu aliye umri wa binti yake. Jioni nilifungua redio mapema, hakuna tena aliyenizuia, na sikusikia hata neno moja la ile redio.

Alhamisi Kapinga akapiga simu kutoka Lukafu.

"Papa, Mujinga anasema ameacha violon yeye mwenyewe. Ulimuambia nini?"

"Sikumuambia kintu."

"Papa."

"Sikumuambia kintu, Kapinga."

Alikata. Lile neno lilikuwa kweli na lilikuwa uongo. Mtoto alikuwa amedanganya mara mbili kwa ajili yangu, shuleni na kwa mama yake, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu nikimwangalia anavyoosha vyombo.

Jumamosi ilikuwa siku ya kikao kingine cha wazazi. Nilivaa koti langu la misa. Madame alipouliza nani ana swali, nilisimama.

Nilisema, "Mimi niko na swali nililopaswa kuuliza mwanzo wa mwaka. Violon inatunzwaje? Ju sikuuliza, njo maana nilipaka ya mjukuu wangu grisi. Ni miye. Mutoto hana kosa."

Halafu Papa Muhindo, ni nani mwingine:

"Mzee, kamioni yangu nayo inalia kila asubuhi, uje uipake!"

Watu wakavunjika mbavu. Hata mimi nilicheka kidogo, na kile kicheko kilinisaidia nisikae chini.

Madame hakucheka. Aliniuliza, "Papa, sasa juu ya nini Mujinga hakusema?"

"Ju niko nkambo yake."

Akaitikia kwa kichwa. Nikamwomba jambo moja. Watoto wa okestra walikuwa kwenye chumba cha jirani wakifanya mazoezi, nikamwomba aniruhusu niseme mbele yao pia. Wao ndio waliomcheka, nikaona wao ndio wasikie.

Wakuu, nimesimama mbele ya wakubwa wa kazi wenye hasira, nimesimama mbele ya jeneza la mke wangu. Kusimama mbele ya watoto thelathini wenye vyombo magotini na kusema "nilikosea" kulikuwa kugumu kuliko hayo yote. Mujinga aliangalia sakafu muda wote. Nilipoanza kurudia mara ya pili, akasema taratibu:

"Nkambo, inatosha sasa."

Madame akaleta ile violon, kitambaa, chupa ndogo ya alkoholi na kipande cha chaki ya ubaoni. Akaniketisha kama mwanafunzi. Nikapangusa kigingi na tundu lake, mara tatu, hadi kitambaa kikatoka cheupe. Halafu chaki kidogo. Nikazungusha. Kwii. Sijawahi kusikia sauti tamu kama ile.

Lakini msidhani kila kitu kilirudi mahali pake siku ile. Violon ilikuwa tayari ya Grâce, na yeye alikuwa ameisubiri tangu mwanzo wa mwaka. Madame alisema wazi, "Siwezi kumnyang'anya mtoto ambaye hakukosa, ili nimrudishie mwingine ambaye hakukosa." Ningesema siku ya kwanza, ingekuwa rahisi. Siku nne zangu za kunyamaza zilimgharimu mjukuu wangu nusu ya nafasi yake.

Nusu, kwa sababu ndivyo walivyoamua. Wasichana wawili, violon moja. Siku hii yako, siku hii yangu. Grâce akaanza kuja kwetu kufanya mazoezi, maana kwao wako watu wengi chumba kimoja. Siku zile jirani yangu aliniuliza kama sasa tumefungua machinjio.

Mimi nilipewa kazi. Kila Jumamosi nakwenda shule. Natengeneza vishikio vya kuwekea karatasi za nota kwa vyuma chakavu, nakaza viti. Kigingi chochote sikigusi bila Madame kuniambia.

Mwisho wa mwaka ikafika proclamation, siku ambayo shule inasoma matokeo ya kila mwanafunzi mbele ya wazazi. Mujinga alipita vizuri, hesabu zake zilipanda kuliko mwaka uliotangulia. Nawaambieni mnaouliza kuhusu masomo. Kapinga alikuwa amekuja kutoka Lukafu, vumbi la njia bado liko kwenye viatu vyake. Alikaa karibu na mimi.

Okestra ilipiga nyimbo mbili. Wa kwanza alipiga Grâce, na Mujinga amesimama nyuma ya kiti chake. Wimbo ulipoisha, Grâce aliinuka, akampa violon mkononi, Mujinga akakaa. Mbele ya watu wote, bila haraka. Alijaribu nyuzi. Kigingi kimoja kikalia, kwii, na wazazi wa kile kikao wakageuka kuniangalia mimi. Papa Muhindo akanipiga bega.

Vigingi vilishika hadi mwisho wa wimbo. Kama kuna nota alikosea, mimi sikuisikia.

Baadaye, uwanjani, Mujinga alikimbilia rafiki zake na kumwachia mama yake violon. Kapinga aliishika muda. Hakuipiga. Aliiweka begani, akalaza kidevu, akafumba macho.

"Bado inanienea," alisema.

Nikamwambia, "Kapinga, nilikukosea. Si leo. Wakati ule."

"Najua, Papa." Akaishusha polepole. "Shika sanduku."

Nikashika sanduku, akaiweka ndani yeye mwenyewe. Njiani kurudi nyumbani aliniomba nimshikie mkoba wake pia. Ni kitu kidogo. Mimi nilikibeba hadi mlangoni bila kubadilisha mkono.

Nilichojifunza, wakuu: mwache mtoto ajaribu. Hahitaji kujua nota, hahitaji kuwa wa tajiri, na masomo hayafi. Tunaohitaji kufundishwa zaidi ni sisi wazazi. Uliza lile swali unaloliona la kijinga kabla mikono yako haijaanza kazi. Na ukiharibu, sema siku ileile.

Kama una mtoto anayetaka okestra na una wasiwasi, weka swali lako hapa chini. Ninalolijua nitakujibu. Nisilolijua, Jumamosi namuuliza Madame Mwadi.